Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Shule za Wasichana za Kikatoliki: Siku za Kufunga Muhula Zirudishiwe Nafasi Yake

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa wakuu wa mashirika ya watawa yanayoendesha shule za wasichana, makatibu wa elimu wa majimbo, wakuu wa shule, mapadre walezi na wajumbe wa bodi.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia juu ya siku chache ambazo katika ratiba za shule nyingi zimekuwa zikipungua mwaka hadi mwaka, bila kikao chochote kuamua waziwazi kwamba zipungue. Ni zile siku zilizo kati ya mtihani wa mwisho na saa ambayo wasichana wanatoka getini kwenda likizo. Katika shule kadhaa ninazozifahamu, siku hizo sasa zimebaki saa: karatasi ya mwisho inakusanywa asubuhi, magodoro yanakunjwa mchana, na jua linapozama bweni zima ni tupu. Naandika nikiwa mama wa binti anayesoma bweni, na nikiwa mwanamke aliyelelewa na masista tangu utoto hadi kuhitimu. Ombi langu ni kwamba siku za kufunga muhula zitambuliwe kuwa sehemu ya malezi, zipangwe kwa uangalifu ule ule mnaoutumia kupanga mitihani, na zisiachwe zimezwe na haraka ya kuwaondoa watoto.

Sababu zinazotolewa nazijua, na sizichukulii kwa wepesi. Kila siku ya ziada bwenini ina gharama yake. Walimu wana marundo ya karatasi za kusahihisha na ripoti za kujaza, na wasichana waliokwisha kuweka kalamu chini hawashikiki kirahisi. Mlezi wa bweni aliyewahi kukesha usiku wa baada ya mtihani wa mwisho hahitaji kuelezwa: maji yanamwagwa kwenye korido, vitu vinabadili wenyewe, na ugomvi uliofichwa muhula mzima unalipuka kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba kesho hatakuwepo kuulizwa. Hata hivyo, fujo hiyo inaletwa na siku kukosa kazi. Shule iliyoandaa shughuli za maana hupata bweni tulivu zaidi kuliko shule iliyowaacha wasichana wakae juu ya masanduku wakisubiri basi. Nimeyaona yote mawili, na tofauti yake haihitaji mtaalamu kuielezea.

Mwaka 1988, idara ya Vatikano inayohusika na elimu Katoliki, katika hati yake juu ya sura ya kidini ya elimu katika shule Katoliki, ilieleza kwamba tangu dakika ya kwanza mwanafunzi anapokanyaga shule ya namna hiyo anapaswa kuhisi kuwa ameingia katika mazingira mapya, yanayoangazwa na nuru ya imani na yenye tabia yake ya pekee. Shule zetu zimelipokea neno hilo vizuri kwa upande wa kuingia. Msichana mgeni hupokelewa, huonyeshwa kitanda chake, hukabidhiwa kwa msichana mkubwa atakayemwongoza wiki za mwanzo, na muhula hufunguliwa kwa Misa. Msichana huyo huyo anapotoka hukutana na orodha ya vitabu visivyorudishwa, kengele, na sauti ya kumharakisha. Ikiwa dakika ya kwanza ina uzito wa kuandikwa katika hati ya Kanisa, sioni ni kwa hoja gani dakika ya mwisho iachwe ijiendee yenyewe, hali tunajua kwamba mtoto atakaa likizo nzima akiikumbuka shule kwa jinsi alivyoagwa.

Kuna mambo ambayo hufanyika siku hizo tu na hayana siku nyingine. Katika shule niliyosoma, wiki ya mwisho ilikuwa wiki ya makabidhiano. Wasichana waliohudumia sakristia, chumba cha kutunzia vyombo na mavazi ya Misa, waliketi mezani na wale watakaowarithi, wakawafundisha kukunja korporale, kile kitambaa kinachotandazwa juu ya altare wakati wa Misa. Theluthi ya mbele ilikunjwa kuelekea ndani, ya nyuma ikalazwa juu yake, kisha upande mmoja na upande wa pili, mpaka kitambaa kikabaki mraba mdogo ambao ukikunjuliwa huonyesha miraba 9 iliyopangwa sawasawa. Hakikunjwi kwenda nje, kwa sababu juu yake ndipo huweza kubaki chembe za Hostia, yaani mkate uliowekwa wakfu, na chembe haitakiwi kudondoka sakafuni. Msichana wa miaka 16 alikuwa akimweleza hayo mwenzake wa miaka 13 polepole, akimsahihisha vidole, akikunjua na kumwambia aanze upya. Hakuna mtu mzima aliyekuwa chumbani. Ninaamini kwamba katika dakika hizo wote wawili walijifunza heshima kwa mambo matakatifu kuliko walivyoweza kujifunza kwa maelezo ya darasani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata nje ya sakristia. Msimamizi wa maktaba alihesabu vitabu pamoja na mrithi wake, akamwonyesha vile ambavyo jalada lake likishikwa vibaya hung'oka. Kiongozi wa kwaya alikabidhi jalada la nyimbo, akaongeza yale ambayo hayamo katika jalada: nani ana sauti nzuri lakini ana haya, nani asiwekwe karibu na nani. Dada mkuu aliketi na dada mkuu mpya alasiri nzima, akamtajia watoto wanaolia usiku, na yule ambaye mama yake alifariki katikati ya muhula, ili muhula mpya usianze kwa mtu kumwuliza mama yake hajambo. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yanayoifanya shule kuwa jumuiya, nayo hupita mdomoni kwenda sikioni. Siku zinapokatwa, vyeo hupokezanwa kwa kubandika majina ubaoni, na kila kundi jipya la viranja huanza upya kabisa, likirudia makosa ambayo waliotangulia walikwisha kuyalipia.

Kinachoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni upatanisho. Mabinti waliolala chumba kimoja kwa miezi kadhaa, wakishirikiana bomba, kioo, kamba ya kuanikia nguo na siri za kila mmoja, hawawezi kufika mwisho wa muhula bila mtu kumkosea mwenzake. Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Yesu anamwambia anayeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale pale sadaka, aende kwanza akapatane naye. Misa ya kufunga muhula inayoadhimishwa saa moja baada ya mtihani haimpi msichana muda wa kwenda popote. Namwona akisimama katika mstari wa kwaya karibu na yule ambaye hajasema naye kwa wiki nne, wote wawili wakiimba, kisha kila mmoja anapanda basi lake. Wakirudi, jambo hilo limekwisha kuwa gumu mara mbili, na mara nyingine mmoja wao harudi kabisa.

Lipo zoezi ambalo wasichana wengi wamekwisha kulizoea kupitia vikundi vya vijana Wakatoliki, nalo ni ona, amua, tenda, lililoenea kwa kazi ya padre Joseph Cardijn, ambaye chama chake cha vijana wafanyakazi Wakristo kiliasisiwa nchini Ubelgiji mwaka 1925. Papa Yohane XXIII alilipendekeza mwaka 1961 katika waraka wa Mater et Magistra kuwa njia ya kuyapeleka mafundisho ya Kanisa katika maisha. Bweni likikaa jioni moja na mlezi wake likatazama muhula kwa njia hiyo, yaani tumeishije, Injili inasema nini juu ya tulivyoishi, na kila mmoja atafanya nini kabla ya kuondoka, mengi ambayo yangefika ofisini muhula ujao yakiwa kesi yatamalizwa na wenyewe. Lakini jioni moja ya namna hiyo inahitaji kufuatwa na siku nyingine ya kutenda kilichoamuliwa.

Shule nyingi huleta padre wa kuungamisha siku za kufunga, na desturi hiyo naomba isiguswe, ila iangaliwe inavyofanyika. Kanuni ya 985 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamzuia mkuu wa taasisi ya malezi kuungamisha wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe wameomba kwa hiari yao katika nafasi ya pekee. Na kanuni ya 991 inamwachia kila mwamini uhuru wa kumchagua muungamishi aliyeidhinishwa. Kwa hiyo padre aliye mkuu wa shule ya bweni asiketi katika kiti cha maungamo kwa sababu tu padre wa nje hakupatikana kwa haraka. Vilevile orodha za walioungama na wasioungama, ambazo baadhi ya viranja huzishika kwa nia njema, ziondolewe kabisa.

Lipo jambo zito zaidi kuhusu maungamo, nalo huenda halisemwi vya kutosha. Siri ya maungamo haivunjiki, na kanuni ya 983 iko wazi juu yake. Maana yake ni kwamba msichana anayebeba jambo kubwa, la kuonewa au la kuguswa isivyostahili, liwe limetokea nyumbani au shuleni, akilisema katika maungamo peke yake, padre hana ruhusa ya kulipeleka kwa mtu yeyote. Anachoweza ni kumsihi alieleze tena, nje ya maungamo, kwa mtu anayeweza kumsaidia. Mtu huyo lazima awepo. Lazima wasichana wamjue kwa jina, awe amefundishwa kazi hiyo, asiwe mwenye kutoa adhabu kwa kazi yake ya kila siku, na katika siku za kufunga awe na mlango ulio wazi na saa za kutosha. Shule inayoleta muungamishi bila kumweka mtu wa namna hiyo imefanya nusu ya wajibu wake, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumwokoa mtoto.

Nasema hivyo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kila msichana huhesabu siku za kwenda nyumbani kwa furaha. Wapo wasiohesabu. Kadiri kufunga kunavyokaribia wanakuwa wakimya, wanachelewa kupanga sanduku, wanajitolea kubaki kusafisha kikanisa au kusaidia bustani, wanauliza kama masista wana kazi ya likizo. Mlezi mwenye siku tatu huyaona hayo na kuuliza kwa upole. Mwenye saa tatu huona msichana mwenye bidii na kumsifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaomba wachungaji na waamini wasaidie shule Katoliki kutimiza kazi yake, hasa kwa kuwajali walio maskini wa mali, walionyimwa msaada na upendo wa familia, na wasioshiriki imani. Makundi yote matatu yamo katika mabweni yetu, na yote matatu huonekana waziwazi kuliko wakati wowote siku ya kufunga.

Yupo pia anayesubiri ambaye hakuna anayemjia. Muhula mmoja nilipokwenda kumchukua binti yangu, katika shule ambayo sitaitaja, nilimkuta msichana mdogo ameketi juu ya sanduku lake nje ya geti. Ofisi ilikuwa imefungwa, na mlinzi alikuwa ameagizwa asimwache mwanafunzi yeyote ndani. Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa sanduku, na chini yake namba ya bweni. Mlinzi alimtolea kiti chake mwenyewe, lakini yeye alikataa kuliacha sanduku. Mjomba wake alifika giza limekwisha kuingia, akaomba radhi kwa kila aliyekuwepo, na mtoto akamwamkia kana kwamba hakuna kilichotokea. Simlaumu mlinzi, ambaye alifanya zaidi ya alichoagizwa. Lakini shule inayobeba jina la mtakatifu haiwezi kumweka mtoto wa watu nje ya geti lake kwa sababu saa za kazi zimekwisha. Naomba iwe amri ya kila shule kwamba sista na mwalimu mmoja wabaki mpaka msichana wa mwisho akabidhiwe kwa mtu anayejulikana, ambaye jina lake liliandikwa mapema na mzazi. Na asipofika mtu, kitanda cha mtoto kiwe bado kina godoro.

Wanaosafiri mbali waondoke alfajiri ili wafike mchana. Hilo nadhani halina ubishi, ingawa linasahaulika.

Sasa nije kwenye ada, nikijua kwamba hapa nagusa mahali penye maumivu. Shule hizi zinaendeshwa kwa ada. Masista wengi hujinyima ili walimu walipwe mwezi unapoisha, na mzazi anayechelewesha ada kwa uzembe anawala masista hao na walimu hao. Sina neno la kumtetea. Nina neno juu ya binti yake. Katika baadhi ya shule, majina ya wanaodaiwa husomwa mbele ya shule nzima siku ya kufunga, na wenye majina hayo husimama pembeni wenzao wakipokea ripoti. Msichana huyo hakuandika mkataba wa ada, hashiki mkoba wa nyumbani, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba baba amepoteza kazi. Alichofanya yeye ni kusoma. Ripoti ni habari ya kazi yake mwenyewe, na kuizuia ni kumwadhibu kwa deni ambalo hakulikopa wala hawezi kulilipa. Tena anaadhibiwa mbele ya wale atakaorudi kulala nao chumba kimoja.

Hati ya mwaka 1977 juu ya Shule Katoliki, iliyotolewa na idara hiyo hiyo ya Vatikano, ilionya kwamba shule Katoliki ikielekea kuwahudumia watoto wa tabaka lenye uwezo peke yao, au wao zaidi ya wengine, inaweza kuwa inachangia kulinda upendeleo wao na hivyo kuendeleza jamii isiyo ya haki. Onyo hilo tumezoea kulisoma wakati wa kupanga viwango vya ada na kuchagua wa kupokelewa. Mimi nalisoma pia katika ukumbi siku ya kufunga, mahali ambapo watoto wote wanafundishwa kwa macho yao nani anastahili kuketi na nani anastahili kusimama. Yapo mashirika ya watawa yaliyozaliwa kwa ajili ya msichana ambaye nyumbani kwao hapakuwa na kitu: Nano Nagle alifungua shule za watoto maskini mjini Cork, akaanzisha shirika lake mwaka 1775, na Catherine McAuley alianzisha Masista wa Huruma mjini Dublin mwaka 1831. Warithi wa wanawake hao na wa wenzao wengi wanajua kuliko mimi kwamba orodha ya wadaiwa haiwezi kuwa neno la mwisho ambalo binti analisikia kabla ya likizo.

Deni lidaiwe kwa mzazi. Barua iliyofungwa ipelekwe kwake au aitwe ofisini, azungumze na mtu mzima mwenzake, waandikishane jinsi ya kulipa, na ikibidi bodi ichukue hatua juu yake yeye. Kanuni ya 796 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi, wawasikilize kwa utayari, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe na kuthaminiwa sana. Mkutano wa wazazi wa siku ya kufunga, ambao siku hizi umegeuka kuwa tangazo la madeni na la michango mipya, ungeweza kuwa mahali pa kuyazungumza hayo kwa heshima, na ninaamini wazazi wenye nacho wangejitokeza kusaidia kimyakimya kama wangeulizwa kimyakimya.

Juu ya kusoma nafasi za darasa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho mbele ya watu sitasema mengi. Aliyeongoza asifiwe, na wa mwisho azungumziwe na mwalimu wake mlango ukiwa umefungwa.

Misa ya kufunga iandaliwe na wasichana wenyewe, si kwaya peke yake. Walioandika maombi ya waamini wayasome, waliokuwa wagonjwa watajwe, na wapishi, walinzi, wafuaji na mafundi waketi mbele siku hiyo na kushukuriwa kwa majina yao, maana wapo wasichana wanaomaliza miaka yote shuleni bila kujua jina la mwanamke aliyewaamkia jikoni kabla ya mapambazuko. Wasichana wasio Wakatoliki wapewe mahali pa kushukuru pamoja na wenzao bila kulazimishwa kufanya kisicho cha imani yao. Wengi wao wamezipenda shule hizi kwa dhati, na shukrani yao ni ya kweli kama ya mtu mwingine yeyote. Utenzi wa Bikira Maria katika Injili ya Luka, ulioimbwa na msichana akiwa safarini, nyumbani kwa jamaa yake, unafaa sana kuimbwa na wasichana walio karibu kusafiri, na ningependa kila mmoja aondoke akiujua kwa moyo.

Kisha wapo wanaohitimu, ambao kwao kufunga huku hakuna kufungua. Mahafali wanayo, na mara nyingi ni makubwa, yenye wageni rasmi na hotuba ndefu. Wanachokosa ni siku tulivu ya kuketi na sista au mwalimu aliyewalea na kuulizwa wanakwenda wapi. Mtaguso, katika tamko lile lile la 1965, uliwaomba walimu waendelee kuwasaidia wanafunzi hata baada ya kumaliza, kwa mashauri, kwa urafiki, na kwa kuanzisha vyama vyao. Chama cha wahitimu hakianzi kwa barua ya kuomba mchango wa bwalo miaka kumi baadaye. Kinaanza wiki ya mwisho, msichana anapoandika katika daftari la shule mahali atakapopatikana, na kuambiwa ni nani atakayemwandikia kwanza.

Katika hilo namkumbuka Mary Ward, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1585, aliyeanzisha pamoja na wenzake jumuiya ya wanawake mjini Saint-Omer na kufungua shule za wasichana katika miji kadhaa ya Ulaya, wakati ambapo watawa wa kike walitakiwa kuishi ndani ya kuta. Mwaka 1631 Papa Urbano VIII alilivunja shirika lake, na mwaka huo huo yeye mwenyewe alifungiwa katika monasteri ya Wafransisko wa kike mjini Munich. Kutoka humo aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau, maandishi yasiyoonekana mpaka karatasi ipashwe moto, ili asipoteze mawasiliano na jumuiya iliyotawanywa. Alifariki mwaka 1645 shirika likiwa halijatambuliwa. Wanawake wale walishikamana bila nyumba wala ruhusa, na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye fadhila za kishujaa, yaani Mwenyeheshima. Nyumba zetu zina paa na simu zinafanya kazi. Binti anayetoka shuleni kwetu baada ya miaka kadhaa asiachwe apotee kwa sababu hakuna aliyekuwa na alasiri moja ya kumwuliza anwani yake.

Ninachoomba, kwa maneno ya ratiba, ni siku tatu kamili kati ya mtihani wa mwisho na safari, zikiwa zimeandikwa katika kalenda ya mwaka na kujumuishwa katika hesabu ya ada tangu mwanzo ili zisionekane mzigo wa ghafla. Siku ya kwanza walimu wasahihishe wakati viranja na walezi wakiongoza usafi na makabidhiano. Siku ya pili iwe ya mabweni, ya upatanisho na ya mazungumzo na mlezi aliyeteuliwa. Ya tatu iwe ya Misa, ripoti na wazazi, na safari zianze alfajiri inayofuata. Shule ya kutwa haina magodoro ya kukunja, lakini ina makabidhiano, ina magomvi, ina wadaiwa na ina wahitimu, kwa hiyo nayo ipange siku zake kwa kadiri yake. Walimu wakilemewa, wapo wazazi na wahitimu ambao wangefika kusaidia kusimamia usafi au kuketi na wasichana, mradi wamechunguzwa na kuidhinishwa kama mtu yeyote anayekaribia watoto anavyopaswa kuchunguzwa. Nami nitakuwa mmoja wao.

Tarehe 15 Oktoba 2020, katika ujumbe wake kwa ajili ya Mkataba wa Elimu Kimataifa, Papa Fransisko aliwaalika walezi wote kujifunga kusikiliza sauti za watoto na vijana, na kuhimiza ushiriki kamili wa wasichana katika elimu. Kwa hiyo kabla hamjaamua lolote juu ya barua hii, nawaomba suala la siku za kufunga liwekwe katika ajenda ya kikao cha bodi kinachofuata, kabla kalenda ya mwaka ujao haijachapwa, na dada mkuu na msichana mmoja kutoka kila bweni waitwe katika kikao hicho, wapewe viti, na waulizwe wangependa kuondokaje.

Wenu katika Kristo,

Mama wa mwanafunzi wa bweni, na mhitimu wa shule ya masista